Springi Hubeba Mzigo, Haiupunguzi

Maelezo ya hotuba kwa mafundi, madereva na wafanyabiashara wa Divisheni ya Industrial, Jiji la Mbale

 

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya pikapu, na hasa juu ya kazi moja inayofanyika kila siku katika divisheni hii: kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Hatukuja kuwashutumu mafundi. Kazi yao ni ya lazima, na wengi wao ni wajuzi ambao mikono yao imeyaweka barabarani magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Tumekuja kwa sababu kazi hiyo, hata ikifanywa kwa ustadi, yaweza kumdanganya mwenye gari. Na mwenye gari aliyedanganyika huwapakia watu.

Tuanze na gari lenyewe. Pikapu ikizidiwa na mzigo huinama nyuma, pua yake ikaelekea juu. Kila apitaye humwona dereva na kumwambia, "Gari lako limelemewa." Kuinama huko ni ushuhuda. Fundi akiongeza majani mawili au matatu, gari hunyanyuka, likasimama sawasawa, na wapita njia wakanyamaza. Lakini mzigo haukupungua hata kilo moja. Ekseli ni ile ile, fani za magurudumu ni zile zile, tairi na breki ni zile zile. Kilichoondoka ni shahidi tu; kosa limebaki pale pale.

Hilo ndilo neno letu kuu la leo. Springi ni kiungo kimoja katika mnyororo wa viungo vingi, na kukaza kiungo kimoja hakuyapi nguvu mengine yote. Kila gari lina kibao cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kinachotaja uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na mzigo na watu. Uzito huo ulipimwa kwa kuangalia viungo vyote kwa pamoja. Hakuna gereji inayoweza kuubadili kwa nyundo na spana.

Wapo watakaouliza: kama ni hivyo, kuna faida gani ya kuimarisha springi? Faida ipo, na ni halali. Tuchukue mfano wa mgeni anayeelekea Maporomoko ya Sipi na pikapu iliyopachikwa kijumba cha kulalia, au mfanyabiashara aliyeigeuza pikapu yake kuwa duka la kutembea, au kikundi kilichoweka sanduku la dawa na vitanda ili kuwafikia wagonjwa mlimani. Mzigo wa magari haya haupakuliwi jioni. Umekaa juu ya springi usiku na mchana, na springi za kawaida huchoka, zikalala. Hapo kuongeza jani ni jambo la busara, mradi jumla ya uzito haivuki kile kibao.

Basi tuhesabu pamoja. Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,900, na kibao chake kinaruhusu kilo 2,800. Imebaki nafasi ya kilo 900. Kijumba kina kilo 550. Tangi la maji la lita 80 lina kilo 80, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa gesi, betri, vyombo na chakula ni kilo 120. Dereva na mwenziwe ni kilo 150. Jumla ni kilo 900 kamili. Gari hilo limejaa. Akipanda mtu wa tatu njiani, au ikipakiwa mikungu ya matoke juu ya paa, mpaka umevukwa, ingawa springi mpya zitaonyesha kana kwamba hakuna kilichotokea. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba huvunja ekseli.

Ndugu zetu, watu wa Mbale hawahitaji kufundishwa thamani ya mizani. Chama cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na tangu zamani mkulima wa kahawa wa milima hii hakubali mazao yake yakadiriwe kwa jicho. Hudai yapimwe mbele yake. Kwa nini basi tunayakadiria kwa jicho yale tunayopakia nyuma ya watoto wetu? Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 20 ni tani nzima. Dumu la lita 20 za maji lina kilo 20. Watu wazima 10 hukaribia kilo 650, kabla ya kuhesabu mizigo yao. Hesabu hii haihitaji mashine. Yahitaji kalamu, kipande cha karatasi na uaminifu.

Sasa tuzungumze juu ya hatari tatu ambazo springi iliyokazwa huzificha.

Ya kwanza ni breki. Pikapu nyingi, hasa za miaka iliyopita, zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa ufito mwembamba. Kazi ya ufito huo ni kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Gari likiinama, vali hutambua kwamba mzigo ni mkubwa, nayo huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likinyanyuliwa kwa majani mapya, umbali ule huongezeka, na vali hudhani kwamba gari ni tupu. Hapo huzinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule zinapoihitaji. Dereva hukanyaga, magurudumu ya mbele yakabeba kazi yote, na kituo alichokitarajia akakipita. Fundi aliyeongeza majani bila kuirekebisha vali hiyo hajamaliza kazi yake.

Breki hizo tunazihitaji mno katika nchi yetu ya miteremko. Aliyeshuka kutoka Kapchorwa kuja Mbale anajua tunachosema. Ukitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa ukafika 60, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huzidi maradufu. Ukiongeza uzito juu ya mwendo, joto huzidi tena, na breki zilizopata joto kupita kiasi huacha kushika. Hakuna springi iliyopata kulisimamisha gari. Teremka kwa gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko, si pale unapoanza kusikia harufu ya kuungua.

Hatari ya pili ni mahali mzigo unapokaa. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kibini. Ukining'inia nyuma, huwa kama mzani wa mtoto anayebembea: upande mmoja ukishuka, wa pili hupanda. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3. Weka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitabeba kilo 300, itabeba 400, na magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo 100. Hayo ndiyo magurudumu yanayoongoza. Usukani huwa mwepesi mkononi, na dereva hufurahi, asijue kwamba wepesi huo ni dalili ya gari kutoshika njia. Tena, kijumba kirefu, au magunia yaliyopangwa juu ya kibini na watu kuketi juu yake, hupandisha kitovu cha uzito. Kwenye kona, gari kama hilo hupinduka kwa mwendo ambao gari tupu lingepita salama.

Hatari ya tatu ni springi yenyewe. Ugumu wa jani hautegemei idadi tu. Kwa majani yenye upana na urefu sawa, jani la milimita 10 si gumu kwa robo kuliko la milimita 8. Ni gumu karibu maradufu. Kwa hiyo anayechukua jani la lori na kulilazimisha chini ya pikapu huenda akalifanya gari lirukeruke kama mpira likiwa tupu, na tairi inayoruka haishiki barabara. Na anayelikata au kulitoboa jani kwa moto wa gesi, au kuliunga kwa kuchomelea, huua ule ukali ambao chuma kilipewa kiwandani. Jani hilo litavunjika siku moja, na kwa kawaida huvunjika chini ya mzigo, shimoni, mbali na gereji.

Kwa hayo, tunawaomba mafundi wetu mambo machache. Kabla ya kuongeza jani, mwulizeni mteja gari litabeba nini na kwa uzito gani. Jibu likizidi kibao, mwambieni ukweli, hata kama ataondoka. Kagueni nyufa, bolti ya katikati, na zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli. Mwambieni arudi baada ya siku chache zikazwe upya, kwa kuwa majani mapya hutulia na kulegeza. Tazameni kama mpira wa breki unafika bila kuvutwa. Rekebisheni vali. Hakikisheni tairi zimeandikwa uwezo unaolingana na mzigo. Pimeni taa za mbele, maana gari lililoinama humpofusha ajaye, na lililonyanyuliwa nyuma hummulikia dereva miguuni pake tu. Kisha mwandikieni stakabadhi inayotaja kazi iliyofanyika.

Stakabadhi hiyo itamfaa mpakani. Tangu zamani, walanguzi katika nchi nyingi hukaza springi ili gari lililobeba mali ya siri lisiinamie nyuma. Huko Marekani, wakati pombe ilipopigwa marufuku kati ya mwaka 1920 na 1933, wasafirishaji wa magendo walijulikana kwa hila hiyo. Ndiyo maana askari akiliona gari tupu limenyanyuka nyuma kuliko kawaida huuliza. Kuuliza si kushutumu. Anayefanya kazi ya halali ajibu kwa utulivu, aonyeshe hati za gari, stakabadhi ya fundi na bima yake, pamoja na kadi ya manjano ya COMESA ikiwa anavuka, naye aende zake kwa amani. Na askari naye anawajibika kuuliza kwa adabu. Asipofanya hivyo, fikeni kituoni mtueleze.

Mizani ya barabara kuu iliwekwa hasa kwa ajili ya malori, ambayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaruhusiwa kufika tani 56 kwa yale makubwa kabisa. Pikapu nyingi hupita kando yake bila kupimwa. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda, ya mwaka 1998, haimsamehe anayezidisha mzigo kwa sababu gari lake ni dogo. Na hata pale ambapo hakuna askari wala mizani, mteremko upo.

Akina mama na wazee, ninyi mnaopanda magari haya kwenda sokoni na matangani, nanyi mna neno. Mkiona magunia yamefika juu ya kibini na bado dereva anaita abiria, msipande. Mkiwa tayari mmepanda, mwambieni asimame. Najua wengi husita, wakisema gari si lao. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: usioubeba wewe waonekana mwepesi. Lakini katika pikapu hiyo mzigo si wa dereva peke yake. Mmeukalia.

Nanyi wenye magari, twajua kwa nini mnapakia zaidi. Mafuta ni ghali, barabara ni ndefu, na safari mbili hula faida ya soko. Hatulidharau jambo hilo. Twawaomba tu muweke upande wa pili wa hesabu bei ya ekseli iliyovunjika, ya mzigo uliooza njiani, na ya maisha yasiyolipika kwa shilingi yoyote. Mkiisha kuhesabu, tunaamini wengi wenu mtachagua safari mbili.

Kwa mafundi, madereva na abiria, mlango wa kituo cha polisi kilicho karibu nanyi uko wazi kwa ushauri juu ya jambo hili. Njooni kabla ya ajali, tukaangalie kibao pamoja.

 Mungu awalinde barabarani.