Mwalimu wa maktaba naye afundishwe

Vijana wenzangu wa Kigoma Ujiji, shule ikibahatika kuwa na maktaba, ufunguo mara nyingi anatupiwa mwalimu wa Kiswahili, tena mwenye vipindi tele. Anafungua saa ya mapumziko, anahesabu vitabu, anafunga. Kupanga vitabu kwa mada, kumwonyesha mtoto namna ya kutafuta habari na kutambua uzushi wa WhatsApp, nani kamfundisha? Chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba kiko Bagamoyo, kulekule ilikoishia misafara iliyotoka Ujiji. Wale walitembea kwa miguu; mwalimu wetu naye atembee? Tunazitaka halmashauri zetu zitenge fedha: wakufunzi waje likizo ya Juni, wafundishe wiki mbili pale Chuo cha Ualimu Kasulu. Na mwalimu akirudi shuleni, apunguziwe vipindi.