Protini Ipi Imo Guniani?

Lebo ya gunia la chakula cha kuku inasema protini asilimia 17. Sawa, lakini protini ipi? Kipimo cha kawaida cha maabara huhesabu naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Mjanja akichanganya urea, namba inapanda na kuku haambulii kitu.

Ndiyo maana kuna kipimo cha asidi amino. Sampuli husagwa laini, huchemshwa katika asidi kali ya haidrokloriki kwa nyuzi joto 110, kwa muda wa saa 24, hadi protini ivunjike. Ndipo mashine hutenganisha asidi amino moja moja na kuipima. Triptofani haistahimili asidi hiyo. Huandaliwa peke yake kwa alkali.

Wewe wa kuku wa mayai, kwenye majibu anza na laisini na methionini. Mashudu ya alizeti hayana laisini ya kutosha. Dagaa na soya huziba pengo, mradi soya haikuunguzwa, maana joto kali huharibu laisini.

Gharama ya kipimo hiki si ndogo, kwa hiyo changeni kwenye kikundi. Choteni kutoka magunia kadhaa, juu, katikati na chini, mchanganye vizuri, kisha mpeleke maabara. Konzi moja ya juu haitoshi.