Biashara ya Ulimwengu na Kazi ya Fundi

Maneno ya hotuba kwa wazazi na vijana wa Lugulu



Hapana mtu wa Lugulu asiyekijua kinu cha karatasi cha Webuye, mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls. Wengi hudhani kwamba habari za meli, bei na mapatano ya biashara ni mambo ya watu wa mbali. Lakini kinu hicho chatuonyesha kwamba mambo hayo hufika mpaka mlangoni mwa mkulima, nayo huamua ni kijana yupi atakayepata kazi na ni yupi atakayeikosa.

Mwanzo wa kinu ni mapatano ya Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India, na tawi la Benki ya Dunia lisaidialo makampuni. Mwaka 1974 kilianza kutoa karatasi. Magogo ya misonobari yaliletwa kwa malori, yakakatwa vipande vidogo, yakapikwa kwa dawa hata yakawa rojo, na rojo hilo likatandazwa na kukaushwa. Kazi hiyo ilihitaji watu wa namna mbili. Kwanza ni watu wa nguvu: wakataji miti, wapakiaji na vibarua. Pili ni mafundi: wa umeme, wa boila, wa kuchomelea vyuma, na wapimaji wa dawa katika maabara.

Katika miaka ile mfanyabiashara wa Kenya hakuweza kuagiza bidhaa za ng'ambo kama apendavyo; ilimpasa kupata kibali kwanza. Mwaka 1993 vibali hivyo viliondolewa, na mwaka 1995 Kenya ikawa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Shirika la Biashara Duniani. Tangu hapo karatasi ya Webuye ilipaswa kushindana sokoni na karatasi za nchi zenye vinu vikubwa zaidi. Nacho kinu chetu kilikuwa na mizigo mingine: mashini zilizochakaa, madeni mengi, na gharama kubwa ya umeme. Mwaka 2009 umeme ulikatwa kwa sababu ya deni, na kazi ikasimama. Mwaka 2016 kinu kiliuzwa kwa kundi la makampuni la Rai, kikaanza tena, lakini si kwa ukubwa wake wa zamani. Basi si haki kusema kwamba biashara ya nje peke yake ndiyo iliyokifunga. Wala si haki kusema kwamba haikuwa na mkono katika jambo hilo.

Yafaa tuangalie sana yanayowapata watu kazi ya namna hii inapokwisha, kwa maana hawapatwi na jambo moja. Fundi wa umeme hubeba ujuzi wake akaenda nao kwenye kiwanda cha sukari, hospitalini, au mji mwingine, kwa kuwa umeme ni ule ule popote. Fundi aliyefundishwa mashini moja ya karatasi tu, naye huenda ni hodari kuliko wote, hutazama huku na huku asione mashini nyingine kama ile. Na kibarua hurudi kwenye shamba ambalo limekwisha kugawanywa na ndugu zake, au hutafuta pikipiki ya kubeba abiria.

Wataalamu wa uchumi walitazamia mambo mengine. Mwaka 1941 Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walieleza kwamba nchi ikifungua biashara, faida huwaendea zaidi wale ambao nchi hiyo inao kwa wingi. Kwa nchi maskini, maana yake ni kwamba mfanyakazi asiye na ufundi ndiye angeinuka, na tofauti ya mishahara ingepungua. Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Nchi ya Mexico ilifungua milango yake katikati ya miaka ya 1980, na katika miaka iliyofuata mshahara wa mwenye elimu ulizidi kuuacha nyuma ule wa asiye nayo.

Sababu mojawapo ni mashini. Biashara ikifunguliwa, haziingii nguo na karatasi tu, bali mitambo mipya pia. Na mtambo mpya hutaka mikono michache yenye maarifa mengi. Mfano uko karibu, mjini Eldoret. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilidhoofika wakati nguo za kigeni na mitumba zilipojaa sokoni. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mashini za kisasa kutoka India. Mtu wa mashini hizo yampasa kusoma vipimo, kufahamu kompyuta, na kujua chanzo cha kasoro kabla nguo haijaharibika.

Sababu ya pili ni mahali kazi inapofanyiwa. Kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon humenywa, huoshwa na kuanikwa hapa. Lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya huuzwa nje kabla ya kukaangwa. Kuikaanga, kuichanganya na kuitia katika pakiti zenye jina ni kazi za mafundi wa ng'ambo, na mishahara ya kazi hizo hulipwa huko. Nchi inayouza mali ghafi huuza pamoja nayo nafasi za kazi za watoto wake waliosoma.

Lakini isidhaniwe kwamba biashara ni adui. Korea ya Kusini na Taiwan ziliuza bidhaa zao ulimwenguni katika miaka ya 1960 na 1970, na watu wa kawaida wakainuka. Nchi hizo zilianza na kazi nyepesi, kama vile kushona nguo, na wakati huo huo zikawasomesha watoto wao wengi. Kazi ngumu zaidi ilipobisha hodi, ilikuta watu walio tayari kuifanya.

Basi mzazi anayeuza ng'ombe ili kumsomesha mtoto afanye nini? Asimwulize mtoto tu ni kiwanda gani kinachoandika watu mwaka huu, maana viwanda hufunguliwa na kufungwa. Aulize ni ufundi gani unaohitajika katika viwanda vingi. Hesabu, umeme, kuchomelea vyuma, ufundi wa mitambo na kusoma michoro ni maarifa yanayohama pamoja na mwenyewe. Vyuo vya kufundisha kazi hizo viko karibu, kama Kisiwa upande wa Bungoma na Kitale. Kijana asiudharau mkono uliochafuka kwa mafuta. Naye fundi asidharau kitabu. Na cheti kisisahauliwe, kwa kuwa tajiri wa mji mwingine hamjui fundi kwa sura.

Viongozi nao wana sehemu yao. Fundi aliyehitimu katika wilaya isiyo na kiwanda ni kama jembe katika nyumba isiyo na shamba. Shule na kinu vyapasa kwenda pamoja.

Wahenga walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Neno hilo ni la kweli, lakini soko la ujuzi huzeeka, na mara nyingine hufa kwa siku moja. Mwenye akiba ni yule ambaye, siku lango la kiwanda likifungwa, atatoka akiwa na kitu kichwani na mikononi ambacho hakiwezi kufungiwa ndani.