Mazungumzo ya 17: Uwanja wa Watoto Nyuma ya Nyumba

Ewe mama, nawe nyanya, baba au yaya unayelea mtoto, vuta kiti karibu na redio. Leo tutazungumza juu ya nyasi bandia, yale mazulia ya kijani ambayo watu huyatandika nyuma ya nyumba ili watoto wapate mahali pa kuchezea mpira.

Mtoto anahitaji kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kukimbia na kuruka kila siku. Kwa hivyo mzazi anayemtengea mtoto kiwanja nyumbani anafanya jambo jema. Lakini kiwanja hicho kisipotengenezwa vizuri chaweza kumuumiza.

Nitakueleza yaliyonipata. Nilipotandika nyasi bandia kwangu, nilitazama bei na rangi tu. Fundi aliibandika kwa gundi juu ya saruji, nikamlipa, akaenda zake. Jumamosi ya kwanza, yapata saa saba mchana, kijana wangu wa miaka mitatu alivua viatu akakimbilia mpira. Kabla hajaufikia alipiga mayowe. Nyayo zake zilikuwa nyekundu, na baadaye malengelenge mawili yakatokea. Mimi ni muuguzi, lakini jambo hilo sikuwa nimeliwaza.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Nyasi za kawaida zina maji ndani yake, na maji hayo yanapotoka huzipoza. Nyasi bandia ni plastiki. Jua likiwaka, zinaweza kupita nyuzijoto 60 za Selsiasi, hata kama hewa yenyewe haina joto kali. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba, nayo huungua upesi kuliko yako.

Basi kabla mtoto hajaingia uwanjani, weka kiganja chako juu ya nyasi na uhesabu pole pole hadi kumi. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asicheze hapo. Ngoja jua lipungue. Kumwagia maji husaidia, lakini kwa muda mfupi tu, joto hurudi. Afadhali kivuli cha mti au turubai. Mtoto avae viatu, na apewe maji safi ya kunywa mara kwa mara.

Sasa tuje kwa kazi ya fundi. Simama naye, umuulize kilichoko chini ya zulia, maana hapo ndipo penye siri.

Kwanza, maji yapite. Udongo wa juu uondolewe, kokoto zitandazwe na kushindiliwa, kisha vumbi la mawe lisawazishwe juu yake. Sakafu iteremke kidogo, kama sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye mtaro. Maji yakituama pembeni, mbu wataweza kutaga mayai, na baada ya siku saba hadi kumi hivi watakuwa wameruka.

Pili, mtoto akianguka asikutane na saruji. Zulia peke yake halitoshi kumkinga kichwa. Kuna povu maalumu la kutandika chini yake, liulizie dukani.

Tatu, uliza kinachomwagwa katikati ya nyasi ili zisimame. Viwanja vingine hutiwa chembechembe za mpira uliosagwa kutoka matairi makuukuu. Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukomesha uuzaji wa chembe hizo kwa viwanja kuanzia mwaka wa 2031, kwa sababu husambaa katika udongo na maji. Nyumbani penye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, chagua mchanga uliooshwa.

Nne, goli lifungwe imara ardhini. Watoto hupenda kuning'inia, na katika nchi kadhaa watoto wamekufa kwa kuangukiwa na magoli yasiyofungwa.

Tano, jiko la makaa likae mbali. Plastiki huyeyuka na kushika moto. Na mbwa au paka akichafua hapo, zoa mara moja, kisha uoshe kwa maji na sabuni. Mvua pekee haitakufanyia kazi hiyo.

Je, mtoto akiungua? Siku ile jirani yangu alikuja mbio na dawa ya meno. Nilimshukuru, nikaiweka kando. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama huna bomba, tumia jagi. Usiweke barafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mdogo, au akiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Mchubuko wa kuteleza kwenye plastiki uoshwe kwa maji safi na sabuni kama kidonda kingine chochote.

Mwisho, mama, kama pesa hazitoshi, usione haya. Uwanja uliofagiliwa, usio na vigae wala misumari, wenye kivuli kidogo, ni uwanja kamili. Mtoto haulizi bei ya zulia. Anataka mpira, mwenzake wa kucheza naye, na mtu mzima wa kumwangalia.

Kijana wangu alipona, na sasa hucheza kuanzia saa kumi. Nami kila siku huinama kwanza, nikaweka kiganja changu chini.

Mweleze na jirani yako.