Pikipiki Yako Inalala Wapi?

Mazungumzo na waendesha bodaboda na wamiliki wa pikipiki, Sanya Juu, Wilaya ya Siha

Nawashukuru kwa kuviacha vijiwe vyenu saa hizi, ilhali abiria wa Boma Ng'ombe na Ngarenairobi wanawatafuta, mkaja kunisikiliza.

Nimekuja na swali moja. Jioni, hesabu ikishafungwa, pikipiki yako inalala wapi?

Anayenunua pikipiki huuliza bei, nguvu ya injini, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa vipuri. Mahali pa kuilaza hupakumbuka usiku wa kwanza, chombo kikiwa tayari uani. Wazee wetu wa mlimani hawakumfanyia ng'ombe hivyo: alitengewa mahali pake ndani ya nyumba, ndipo akaletwa. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao, mashua ikibaki ufukweni, huifungua mashine yake na kuibeba hadi nyumbani. Pikipiki ni mali ya namna hiyo. Inalisha familia, na ina magurudumu ya kumfikisha mwizi mbali kabla ya alfajiri.

Nianze na jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kupata hasara. Bima ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo ni bima ya mtu wa tatu. Hiyo hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine barabarani. Pikipiki yako mwenyewe ikiibwa uani au ikiteketea bandani, bima hiyo haikulipi hata shilingi moja. Anayetaka kulindwa dhidi ya wizi na moto lazima anunue bima inayotaja wizi na moto, au bima kubwa.

Kabla ya kulipa, muulize wakala maswali matatu. Je, wizi ukitokea nyumbani usiku nalipwa, na kwa masharti gani ya ulinzi? Je, mkataba umeandikwa kwamba pikipiki hii inabeba abiria kwa malipo? Je, hasara ikitokea, sehemu gani nitaibeba mwenyewe? Swali la pili ni zito. Ukiandikisha pikipiki kuwa ya matumizi binafsi kisha ukaifanyia bodaboda, madai yako yanaweza kukataliwa. Ukishalipa, hakiki bima yako katika mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya usajili wa chombo. Usiridhike na karatasi peke yake.

Sasa tuje nyumbani. Kwa kuogopa wezi, wengi wetu huiingiza pikipiki sebuleni, au katika chumba wanacholala watoto. Hofu hiyo naielewa, lakini inamkimbia mwizi na kuukaribisha moto. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi yetu ya Julai. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hushuka sakafuni na kutambaa mpaka ukute jiko la mkaa, kibatari au mshumaa. Tangi lisilofungwa vizuri au mpira wa mafuta uliochakaa unatosha kuanzisha janga. Tena, mlango ukiwa umezibwa na pikipiki, watu watatokea wapi?

Kwa hiyo pikipiki isilale chumba kimoja na watu, wala jikoni. Asiye na njia nyingine kwa sasa, aiweke katika chumba kisicho na moto wala mtu anayelala, afunge koki ya mafuta, aache matundu ya hewa wazi na asizibe mlango wa kutokea. Kamwe asiwashe injini ndani. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Na petroli ya akiba katika chupa za maji isiwekwe ndani ya nyumba kabisa.

Lililo bora ni banda dogo, nalo si jengo la kifahari. Pikipiki ya kawaida ina urefu wa mita 2 hivi. Banda la mita 2.5 kwa mita 1.5 linaitosha, na bati tatu za futi 10 zinaezeka paa lake. Lijenge mahali ambapo ukiwa kitandani unaweza kusikia mlango wake ukiguswa, mbali na jiko, kuni, mabua na majani makavu ya ng'ombe. Sakafu iinuke kidogo ili maji ya masika yasiingie, na kuta ziwe na matundu juu na chini ili mvuke utoke.

Ndani ya sakafu, zege likiwa bado bichi, zamisha pete nene ya chuma. Hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote. Kufuli ya usukani pekee haitoshi: pikipiki ina uzito wa kilo 100 na ushei, na watu wawili wenye nguvu huinyanyua ikiwa imefungwa vilevile. Pitisha mnyororo katika fremu na katika pete, usiupitishe katika gurudumu tu, kwa maana gurudumu hufunguliwa likaachwa. Bawaba za mlango nazo zifungwe kwa ndani, zisije zikafunguliwa kwa spana huku kufuli ikiwa salama. Kama huna banda ila turubai, subiri bomba la moshi lipoe kabla ya kufunika, na kila asubuhi lifunue unyevu utoke.

Wapo wanaolaza pikipiki katika ua wa mtu kwa malipo ya kila usiku. Hapo fahamuni haki yenu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anawajibika kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuidai. Omba stakabadhi yenye tarehe, namba ya usajili na jina la aliyepokea. Ukiona kibao kinachosema kwamba kila chombo kimeegeshwa kwa hatari ya mwenyewe, uliza maana yake kabla hujaacha ufunguo.

Nina neno moja kwa wenye pikipiki za mkataba. Fikirini kijana aliyepeleka hesabu kwa miezi kumi, imebaki miwili chombo kiwe chake, kisha kikaibwa uani kwake usiku. Tajiri anasema, “Nilipe.” Kijana anasema, “Nami nimeibiwa.” Karatasi waliyosaini haisemi kitu, na urafiki wao unaishia hapo. Andikeni mapema: chombo kitalala wapi, nani analipia bima na ya aina gani, ufunguo wa pili unakaa kwa nani, na kikipotea bila uzembe hasara itabebwaje. Tajiri naye akalione banda kabla ya kusaini.

Mwisho, nakili leo namba ya chasisi na namba ya injini, na uhifadhi nakala ya kadi ya usajili mbali na pikipiki. Kadi isikae chini ya kiti. Wizi ukitokea, nenda polisi mara moja upate RB, kisha itaarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Ikichelewesha au ikikataa madai bila sababu ya kuridhisha, ilalamikie kampuni yenyewe kwanza, halafu TIRA au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wazee wangu, vijana wenzangu, leo jioni kabla ya kulala, simameni mlangoni mtazame pikipiki ilipo. Jiulizeni mambo mawili: mwizi akija, ataichukua kwa dakika ngapi? Na ikishika moto, watoto watatokea wapi? Jibu lisiporidhisha, kazi ya kesho asubuhi mmeshaijua.