Faris ni Yule Anayesifiwa na Adui Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo tuzungumze juu ya mashujaa wa vitabuni. Sababu ni jambo nililoliona wiki iliyopita hapa mtaani. Kijana mmoja alishikwa na simu ya wizi. Ilikuwa imebaki saa moja hivi kufika magharibi. Vijana wetu, nao wamefunga, wakamzunguka wakampiga hali keshaanguka chini. Mama muuza viazi ndiye aliyepiga kelele mpaka wakamwacha. Usiku, maskani, kila mmoja akajiita simba. Na mimi nilisimama kando nikitazama. Kwa hivyo haya najiambia mwenyewe kwanza.

Hebu tumtazame Salahuddin Ayyubi. Mwaka wa 1099 majeshi ya Msalaba yaliingia Baytul Maqdis yakawachinja wakazi wake, Waislamu na Mayahudi. Miaka 88 baadaye, Oktoba 1187, Salahuddin akaurudisha mji. Walio ndani walingojea kisasi. Yeye akakubaliana nao fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, wakatoka salama. Waliokosa fidia wengi walichukuliwa mateka, lakini nduguye al-Adil aliomba apewe watu 1,000 akawaachilia huru, na Salahuddin mwenyewe akawaachilia wazee wengi.

Sasa sikilizeni ajabu. Ulaya ya zama zile ilikuwa na mashairi na hadithi nyingi za mafaris, yaani mashujaa wapanda farasi. Faris alikuwa na sheria zake: atimize ahadi, amlinde mnyonge, asimpige aliyesalimu amri. Katika karne ya 13 shairi moja la Kifaransa, Ordene de chevalerie, lilisimulia kisa cha kubuni. Mkristo Hue de Tabarie ametekwa na Salahuddin. Salahuddin anamtaka amwonyeshe jinsi mtu anavyofanywa faris. Hue anamwogesha, anamvisha nguo nyeupe, anamfunga upanga wenye makali mawili, na kumweleza maana yake: haki na uaminifu, ili maskini alindwe na tajiri asimwonee. Mwisho Hue anaachiliwa huru.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante wa Italia alipoandika juu ya Jahannamu alimweka Salahuddin kando na adhabu, pamoja na watu wema wasiokuwa Wakristo. Na mwaka wa 1825 Walter Scott, katika riwaya ya The Talisman, alimfanya aingie kambi ya maadui akijifanya tabibu, amtibu Mfalme Richard. Hawa wote si watu wetu. Ni wajukuu wa waliopigana naye!

Tusidanganyane, Salahuddin hakuwa malaika. Baada ya vita vya Hattin, Julai 1187, aliamuru wauawe mateka wa vikundi vya Templar na Hospitaller. Na sheria za mafaris wa Ulaya mara nyingi zilimkinga mwenye cheo, mkulima akaachwa. Waandishi hupamba. Lakini jiulize, kwa nini walimpamba huyu? Kwa sababu watu walitoka katika malango ya mji wakiwa hai, wakaenda kusimulia. Alipata jina kwa wale aliowaacha akiwa na uwezo wa kuwamaliza.

Sisi jambo hili tunalo katika lugha. Tunasema mtu ana murua, na neno hilo asili yake ni muruwwa ya Waarabu, utu wa kiungwana. Nao wana neno jingine, futuwwa, lililotokana na fata, yaani kijana. Mwaonaje? Uungwana huu umepewa jina lenu nyinyi, barobaro.

Na saumu ni nini kama si mazoezi ya jambo hilohilo? Maji yako mbele yako, mkono unafika, hakuna akuonaye, na unayaacha. Basi unawezaje kuyaacha maji ya halali mchana kutwa, kisha ukashindwa kuurudisha mguu wako usimkanyage mtu aliye chini? Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira.

Sisemi mwizi aachwe aende zake. Ashikwe, simu irudi kwa mwenyewe, apelekwe kwa wazee au polisi. Lakini akiwa chini, mmoja wetu asimame mbele yake aseme, "Basi, yatosha." Yataka moyo kuliko teke. Mama muuza viazi aliuonyesha moyo huo.

Yule kijana bado yuko hai. Akiulizwa leo habari za vijana wa mtaa huu, atahadithia nini juu yetu?

Mola atutakabalie saumu zetu na atupe moyo wa kusimama. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.