CHOO CHA SHULE TUKICHORE WOTE
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa kijiji)



Tumekutana kwa ajili ya choo kipya cha shule. Matofali tumefyatua wenyewe, saruji ipo kidogo, fundi yupo. Kinachotakiwa kabla shimo halijachimbwa ni mawazo, na mawazo hayako kwa kamati peke yake.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 wazee wetu walibeba mawe na miti ili kila mtoto apate darasa ifikapo 1977. Walitoa nguvu zao. Safari hii tunataka nguvu na akili pamoja.

Kwa wiki mbili mabalozi wamepita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: choo kile cha zamani kina ubaya gani? Asiyejua kuandika aliandikiwa na sisi wa darasa la kisomo. Watoto nao walitia karatasi ndani ya debe bila kuweka jina. Wapo wanaume waliocheka, ati mtoto wa darasa la pili anajua nini habari za ujenzi. Haya, sikilizeni. Wadogo wanasema tundu ni kubwa, wanaogopa kutumbukia, ndiyo maana wanajisaidia nyuma ya choo. Wasichana wanasema komeo hakuna na maji hakuna, kwa hiyo wakiwa katika hedhi wanabaki nyumbani siku tatu, nne, masomo yanawapita. Katika watu wazima hakuna hata mmoja aliyeyataja hayo. Na mzee wetu mchimba visima kaeleza kwamba upande wa chini ni mchanga mtupu; shimo lisipojengewa matofali kwa ndani, masika litabomoka.

Serikali inataka tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Hiyo ni hesabu, Mwalimu atatupigia. Lakini upana wa tundu, urefu wa komeo, chumba cha wasichana chenye maji, njia ya mteremko kwa mtoto asiyeweza ngazi, hayo tutapima wenyewe.

Jumamosi saa 2 asubuhi tutachora choo chote chini kwa majivu, ukubwa wake ule ule, na kusimika miti penye milango. Watoto wataingia kwanza, halafu kina mama. Sisi wanaume tungoje zamu yetu. Panapobana tutafuta majivu na kuchora tena, maana ukuta ukishasimama haufutiki. Fundi ataandika vipimo hapo hapo. Kila nyumba ilete dumu moja tupu la kutengenezea kibuyu chirizi, na mwenye wazo ambalo halikuandikwa aje nalo.